Pima Moja na Dhiraa

Copenhagen, Denmark
19 Mei 1968

Kwa Mzee Zadock Ogola,
Usare, kupitia Otonglo, Kisumu.

Mzee,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Mimi huku ni mzima isipokuwa pua, ambayo haijaacha kuvuja tangu niliposhuka kwenye ndege. Natumaini wewe, Mama Milka na wote wa hapo nyumbani mnaendelea vizuri, na kwamba ng'ombe yule mweusi amezaa salama.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiluo changu ulikisikia mwenyewe, ukaniomba nisikirudie mbele ya watu.

Najua hujasahau siku ile ya Februari nilipokuja kujitambulisha kwako kama mtu anayetaka kumwoa Lornah. Ulinipa kasia, ukasema tuvuke ghuba tumsalimie ndugu yako Ochieng. Mtumbwi ukazunguka mara tatu mahali pamoja, kofia yako ikaanguka majini, na mchungaji aliyekuwa nasi akaanza kuomba kwa sauti. Mimi ni mtu wa Kimilili, Mzee. Maji tuliyokua nayo sisi ni ya kuchota.

Baadaye Lornah aliniambia sharti lako: atakayemwoa atavuka ghuba ile peke yake, kwenda na kurudi, wewe ukiwa umesimama ufuoni unatazama. Nikasema sawa. Wiki tatu baadaye wakubwa wangu wa bandarini wakanileta huku kusomea injini za meli, miezi kumi na sita. Nadhani ulifikiri nimetoroka. Sikutoroka.

Karibu na karakana yetu kuna chama cha wapiga kasia. Nimejiunga. Mwalimu wetu, Bwana Holger, ana kitabu cha picha, na picha zinaonyesha namna moja tu ya kushika kasia. Ukienda kando kidogo anakugonga kiwiko kwa penseli. Lakini pia kuna fundi mwenzangu, Enok, mtu wa Greenland, nchi ya barafu iliyo juu kabisa kwenye ramani. Watu wao wana mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, unaitwa kayaki. Umefunikwa juu kote, kuna tundu tu la kiuno, kwa hiyo mtu hapandi, anauvaa kama suruali. Kasia lao lina bapa huku na huku, jembamba kama mwiko wa ugali. Enok haangalii kitabu cha Holger, na hakuna anayemfikia.

Sasa nimechanganyikiwa. Mzee, naomba uniambie wewe: kasia hushikwa vipi?

Ni mimi,
Laban Waliaula,
mkwe wako mtarajiwa.


Usare
23 Juni 1968

Bwana Waliaula,

Barua yako ilifika Otonglo Jumanne ikalala dukani kwa Wakoli siku nne, kwa sababu Wakoli alitaka kwanza kila mteja aione stempu. Hapa mimi ni mzima, mama yake Lornah ni mzima, ng'ombe mweusi amezaa ndume. Mvua ni nyingi. Kofia haijarudi.

Nilidhani umetoroka, ndiyo. Nilimwambia mama yake Lornah, "Huyu ameona ni rahisi kuvuka bahari kuliko kuvuka ghuba."

Umeuliza kasia hushikwa vipi. Ni kama kumuuliza mtu anatembeaje. Mimi napiga upande wa kushoto, goti moja chini. Kasia linaingia bila kelele, na linapotoka nalizungusha kidogo kama mtu anayekung'uta kijiko. Nikivuta nasema "hm". Hiyo "hm" ni muhimu. Baba yangu alisema "ha", lakini yeye alikuwa na kifua kipana. Ndugu yangu Ochieng ana mikono mirefu kupita kiasi, kwa hiyo hupiga akiwa amesimama na hasemi chochote, na bado tukienda pamoja mtumbwi unanyooka. Usiniulize kwa nini.

Lakini mambo hayo yanakwisha. Kuna kijana anaitwa Absalom, katibu wa chama chetu cha wavuvi. Alikwenda Nairobi wiki mbili, akarudi na filimbi na karatasi yenye picha, nadhani ni ndugu ya kitabu cha Holger wako. Anasema mwaka huu katika mashindano ya Jamhuri pale Kisumu, wapigaji wote kumi wa Usare watapiga kasia namna moja, kwa filimbi. Mimi ndiye ninayekaa mbele tangu mwaka wa 1926, na ameniambia niondoe ile "hm".

Huyu Absalom huja hapa kila Jumapili baada ya ibada. Anakunywa chai, anasifu viti, halafu anauliza Lornah anarudi lini kutoka Maseno anakosomea ualimu. Anajua kuogelea na anajua kupiga kasia. Nakuambia ili ujue.

Kuhusu huo mtumbwi wa kuvaa: usiuvae.

Mzee Zadock Ogola,
baba yake Lornah.


Copenhagen
11 Agosti 1968

Mzee,

Nakusalimu tena na kukutakia afya njema, wewe na Mama, na ndume mdogo pia. Mimi ni mzima. Pua imepona, sasa ni masikio, yanaingia maji.

Nimeuvaa. Nisamehe. Nimepinduka mara nne, na mara zote nne Enok alinitoa akaniuliza nimeona samaki gani.

Lakini nataka kukueleza niliyoyaona Jumapili iliyopita. Mjomba wa Enok, mzee anayeitwa Malakias, ameletwa huku kutibiwa macho. Akaja pia binamu yao, Jonas, baharia. Wote watatu wakaingia majini na kayaki zao, na mimi nikakaa gatini nikijua kwamba sasa nitaiona hiyo namna ya Greenland, niishike, nirudi nayo nyumbani.

Mzee, hawakufanana! Enok anainama mbele, bapa limelala kidogo, anavuta kwa tumbo. Jonas ana kasia fupi, na kila akipiga upande mmoja mikono inateleza juu ya mti mpaka upande wa pili, huku na huku, mpaka ukimwangalia sana unapata kizunguzungu. Malakias yeye hupiga chini kabisa, mikono kitovuni, polepole, kama mtu anayetikisa kitanda cha mtoto asiamke. Vijana wakamwacha mbali. Baada ya saa moja walimkuta yuko mbele yao amewasha kiko.

Bwana Holger alikuwepo na kitabu chake. Akamwambia Malakias, "Unakosea."

Enok akatafsiri. Malakias akafikiri, kisha akauliza, na Enok akatafsiri tena: "Nimemkosea nani?"

Holger akafunga kitabu akaenda kunywa kahawa.

Nikamuuliza Enok ni nani kati yao anayepiga sawasawa. Akasema kila mmoja anapiga sawasawa na mifupa yake. Kwao kasia halinunuliwi dukani. Mtu hupimwa: unanyosha mikono yote miwili, hiyo ni pima moja, kisha unaongeza dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Huo ndio urefu. Upana wa bapa ni kiasi ambacho kiganja chako kinaweza kukumbatia. Mwizi akiiba kasia la Enok, atajua ni la Enok kabla hajafika mbali.

Wakaniuliza baba mkwe wangu anapiga vipi. Niliona aibu, maana siku ile ya Februari sikukutazama, nilikuwa namtazama Lornah. Kwa hiyo nikawasomea barua yako. Kwenye "hm" waliniomba nirudie. Kisha Malakias akasema yeye hasemi kitu lakini hung'ata ulimi, na mke wake alikuwa anajua umbali aliokwenda kwa kuangalia ulimi.

Lornah ameniandikia. Anasema kama ni kuvuka ghuba, angevuka yeye mwenyewe, na angekushinda hata wewe. Sijui kama nilipaswa kukuambia.

Mkwe wako mtarajiwa,
Laban Waliaula.


Usare
20 Oktoba 1968

Bwana Waliaula,

Salamu. Ukiona mwandiko huu si wangu, ni kwa sababu mkono wangu wa kulia umelala, namwambia mama yake Lornah maneno naye anaandika.

(Ni mimi, Milka. Mkwe na mama mkwe hawaandikiani, wewe unajua na mimi najua. Kwa hiyo nikiandika ndani ya mabano, jifanye hukuona.)

Mwezi uliopita tulikuwa tunauvuta mtumbwi mkubwa nchi kavu. Nikakanyaga magamba ya samaki wa ngege, nikateleza, mtumbwi ukanilalia begani.

(Hakuteleza hivihivi. Alikuwa anatembea kinyumenyume huku akimfundisha Absalom kuvuta mtumbwi.)

Daktari wa Kisumu amelirudisha bega mahali pake, lakini mkono haupandi kupita kifua. Nikijaribu kuinua kasia naona nyota mchana. Absalom amekuja na kamati. Wamenishukuru kwa miaka arobaini na miwili. Nafasi yangu ya mbele amepewa kijana, na mimi siku ya Jamhuri nimepewa kazi. Kazi yenyewe ni kulinda nguo za wapigaji.

(Aliposikia hayo hakusema kitu. Kwa Zadock hilo ni jambo la kutisha. Hali chakula vizuri. Jana nilimtafuta nikamkuta ufuoni, amekaa ndani ya mtumbwi uliofungwa kwenye kigingi, anatazama mbele kama anayekwenda mahali.)

Kwa hiyo, Bwana Waliaula, maswali ya kasia sasa muulize mtu mwingine. Mimi ni mlinzi wa suruali.

Na kuhusu lile sharti, siku hizi sijui mtu kama mimi anaweza kumpima nani. Lornah ni mtu mzima, atachagua.

(Lornah alikuja likizo. Absalom alileta sukari. Lornah akaitia kwenye chai ya kila mgeni aliyepita hapa mpaka ikaisha, isipokuwa chai ya Absalom. Hilo pia hukuliona.)

Mzee Zadock,
baba yake Lornah.


Copenhagen
3 Novemba 1968

Mzee wangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Mimi ni mzima, lakini leo hilo si la maana.

Mtu yeyote aliyeandika ndani ya mabano, sikumwona. Naye pia namshukuru.

Nilimpelekea Malakias habari zako hospitalini. Hakusema pole. Alifungua shati. Mzee, bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto kwa upana wa vidole vinne. Mwaka 1931 alimchoma chusa mnyama mmoja wa baharini mwenye pembe mbili mdomoni, mkubwa kama fahali, naye mnyama akaondoka na kamba, na kamba ilikuwa imemzunguka Malakias mkono. Tangu siku hiyo mkono wake haupandi kupita kifua. Nilidhani ile namna yake ya kupiga chini, mikono kitovuni, ni ya kijiji chao. Kumbe ni ya bega lake. Alikuwa na watoto watano wa kulisha, na sili, wanyama wa baharini wanaowawinda, hawangojei mtu apone, kwa hiyo alikaa nyumbani majira moja ya baridi, akafikiri, akachonga kasia jipya.

Anasema hivi, na Enok ameandika kila neno nami nimelitia katika Kiswahili:

Kaa chini. Usipige goti. Nyosha miguu uisukume kwenye ubao. Shika kasia lenye bapa mbili, mikono karibu, mbele ya kitovu. Usiinue. Mkono hauna kazi, mkono ni kamba tu ya kufungia kasia. Kinachovuta ni kiuno. Bapa likiingia kushoto, geuka kama mtu aliyeitwa jina nyuma yake, halafu likiingia kulia, geuka kama aliyeitwa na mwingine. Usiwe na haraka ya kumjibu yeyote.

Alisema pia: "Mwambie asipige kama mimi. Aanze kama mimi, halafu bega lake litamwambia."

Tafadhali jipime. Mnyosho wa mikono ukiwa mgumu, nusu itatosha, upime wa kushoto mara mbili. Halafu dhiraa moja. Enok amechora picha, iko ndani ya bahasha. Doa lile ni kahawa, si kipimo.

Mkwe wako mtarajiwa, hata kama sharti limekufa. Mimi nalitaka liwe hai.

Laban.


Usare
29 Desemba 1968

Laban,

Salamu za Krismasi na za mwaka unaokuja. Sisi tu wazima kabisa, na mwandiko huu ni wangu mwenyewe.

Nilijipima. Mama yake Lornah alishika kamba, tukakosana mara mbili juu ya mahali kidole kinapoishia. Nikachonga kwa mti wa siala, ambao ni mwepesi, muda wa siku tisa. Nikauchukua ule mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, wa kutegea chambo, nikatia ubao wa miguu, nikaingia.

Ufuo wote ulikuja. Agneta muuza omena alisema, "Mzee amekuwa popo, ana mabawa mawili." Wengine walisema nakoroga uji. Siku ya kwanza nilizunguka. Siku ya pili nilizunguka upande mwingine. Nikakukumbuka wewe, na kwa mara ya kwanza nilikuhurumia. Siku ya nne kiuno kikaelewa. Bapa likaingia, nikageuka kama nilivyoitwa, na mtumbwi ukaenda, Laban, ukaenda kama umekatwa kamba. Bega halikusema kitu. Nilipofika kwa Ochieng niligundua nilikuwa nimesema "hm" njia nzima, moja kushoto na moja kulia, ya kulia ikiwa nyembamba kidogo.

Sasa sikia ya Jamhuri.

Watu walijaa gati ya Kisumu. Mitumbwi tisa. Mimi nilipewa suruali kumi nizilinde. Nikazikunja, nikazitia ndani ya mtumbwi wangu mdogo, nikakaa majini pembeni, maana hakuna aliyesema zilindwe nchi kavu.

Mtumbwi wetu ukaja. Absalom amekaa mbele akiwatazama wapigaji, filimbi mdomoni. Wote kumi wamevaa nguo nyeupe, wote wameshika kasia kama kwenye picha. Bendera ikashuka. Piii! Wakapiga. Piii! Wakapiga. Kwa kweli ilipendeza, mpaka pigo la sita. Ochieng ameambiwa akae, na akikaa mikono yake inamfika mtu wa mbele mgongoni. Akampiga. Okumu ni mfupi, na kwa namna ile ya picha kasia lake lilikuwa linafika majini mara moja kati ya mara tatu. Upande wa kulia ukawa na nguvu kuliko wa kushoto. Mtumbwi ukaanza kugeuka. Absalom akapiga filimbi zaidi. Wakapiga zaidi. Ukageuka zaidi. Mbele ya wageni wote wa serikali, Laban, watu wa Usare walizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Absalom akasimama ili asikike vizuri. Hapo ndipo Ochieng alipompiga mtu wa mbele mara ya pili, yule naye akageuka kumjibu, na Absalom akaenda majini.

Anajua kuogelea, lakini si na viatu vya Nairobi. Mashua ya injini ya uokoaji ikakataa kuwaka. Fundi wao yuko Denmark. Mimi nikaweka kasia majini.

Sikumbuki nilivyofika. Watu waliniambia baadaye kwamba sauti iliyosikika gati nzima ni yangu, hm, hm. Absalom alikuwa ameshika filimbi kwa mkono mmoja na kupiga maji kwa mwingine. Nikamwambia, "Shika mkia wa mtumbwi. Usipande, kuna suruali za watu." Akashika. Akasema, "Asante, Mzee." Nikamwambia, "Tulia."

Kisha nikawapitia wale kumi, nikawaambia, "Pigeni kama mnavyopiga nyumbani." Ochieng akasimama. Okumu akapiga goti. Kila mtu akashika kasia anavyojua yeye, na ule mtumbwi ukanyooka. Tulimaliza wa tisa kati ya tisa, lakini tulimaliza tukiimba, na wageni walitupigia makofi kuliko walioshinda, nadhani kwa kuchoka kungoja.

Absalom alikuja Jumapili, bila filimbi. Alikunywa chai. Aliniomba nimwonyeshe kasia. Nimempima, ana pima fupi.

Mwambie Malakias kwamba bega la Usare linasalimu bega lake. Namtumia kifurushi cha omena kavu. Kama hali samaki wadogo, awape jirani.

Sharti liko palepale.

Baba yake Lornah,
Zadock.


Copenhagen
2 Machi 1969

Mzee,

Heri na afya kwenu nyote. Huku bandari imeganda, watu wanatembea juu ya maji bila imani yoyote.

Kifurushi kilifika. Mtu wa forodha alikifungua, akakifunga haraka, akaniuliza kama nina cheti cha daktari. Nikampelekea Enok, naye akampelekea mjomba wake. Malakias akachukua omena mmoja, akamtazama kichwa na mkia, akamla hivyohivyo mkavu. Akala wa pili. Kisha akasema kwao wako samaki kama hawa, wanakaushwa juu ya mawe, na tangu aletwe huku hakuna mtu aliyempa chakula cha kweli. Alikula nusu ya kifurushi siku ile, na nusu akaificha wauguzi wasiione.

Nilimsomea habari za Jamhuri. Alimpenda Okumu kuliko wote. Nilipomwambia umesema bega lako linasalimu lake, aligeukia dirishani.

Amerudi kwao wiki iliyopita, kwa meli. Macho hayakupona vizuri, lakini anasema kayaki haihitaji macho sana, inahitaji makalio. Naomba radhi, ni maneno yake.

Mimi narudi Julai. Siku hizi sizunguki. Na Enok amenifunza jambo moja ambalo sitalieleza kwa barua, nitakuonyesha siku ya sharti. Utafurahi.

Mkwe wako,
Laban.


Nyumba za wafanyakazi, Bandarini, Kisumu
4 Agosti 1969

Mzee,

Nakuandikia kutoka maili chache tu, kwa sababu sithubutu kuja. Sijui nikusalimu vipi. Sijui kama nina haki ya kuuliza afya ya mtu fulani wa hapo nyumbani, na kama alipata mafua baada ya Jumamosi.

Acha nieleze ilivyokuwa kwa upande wangu. Kayaki ile ya turubai niliitengeneza wiki tatu. Niliposukumwa majini uliniambia, "Nenda," basi. Nilikwenda. Nilifika kwa Ochieng, nikagusa jiwe lake, nikageuka. Upepo ulinipiga ubavuni nikaupita. Nilipowaona mmesimama ufuoni, wewe na Lornah na wazee na mchungaji, moyo wangu ulijaa. Nilipaswa kuja moja kwa moja, nishuke, nikupe mkono, na leo ningekuwa mkwe.

Lakini nilitaka kukuonyesha lile jambo la Enok. Ni kupinduka kwa makusudi. Mtu anazama kichwa chini pamoja na kayaki, anatulia, kisha anaivuta kwa kasia anatokea upande wa pili. Huko kwao ndilo linalotenganisha aliye hai na aliyekufa. Nimelifanya mara mia moja. Sikuwa nimefikiri kwamba hakuna mtu wa Usare aliyewahi kuliona.

Nikazama. Chini ya maji nilisikia kelele, nikadhani mnashangilia. Nilikuwa naanza kujivuta juu wakati kitu kilinishika nywele. Nikavuta huku, kikavuta kule, na kina nguvu. Nikatoka ndani ya kayaki kama njugu inavyotoka kwenye ganda. Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama katika maji ya kiuno, kifua wazi, nimevaa kaptura peke yake, na aliyenishika nywele, akiwa na gauni lake la Jumapili, alikuwa Mama Milka. Na akanikumbatia, Mzee. Mbele ya wazee wote. Akisema, "Mtoto wangu, mtoto wangu."

Kisha tukatazamana, tukakumbuka mimi ni nani na yeye ni nani.

Nilikimbia. Ndiyo, niliyekuwa nakimbia Otonglo na kasia begani ni mimi. Lori la mchanga lilinibeba.

Nimempelekea baba yangu habari Kimilili. Anasema katika maisha yake hajasikia mkwe aliyeguswa na mama mkwe akiwa amevaa kaptura, na kwamba kwenu na kwetu jambo hilo ni zito sawasawa. Lornah nilimwuliza kama yote yamekwisha. Alicheka mpaka akakaa chini, kwa hiyo sijapata jibu.

Najua sikutimiza sharti. Nilisema nitavuka kwenda na kurudi, na kurudi kwenyewe nimebebwa kwa nywele. Nitakubali hukumu yoyote.

Laban.


Usare
10 Agosti 1969

Mwanangu Laban,

Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii. Tu wazima. Mtu fulani hakupata mafua.

Wazee walikaa Jumatatu. Wakasema ni mbuzi, kulisafisha jambo hilo. Mchungaji akasema Mungu hana neno na mwanamke anayemtoa mtu majini, lakini kama kuna mbuzi yeye atakuja kuomba. Mbuzi ameliwa. Mama yake Lornah mwenyewe anashikilia kwamba hakukugusa wewe, aligusa nywele, na kwamba wakati ule hukuwa mkwe, ulikuwa maiti. Wazee walilijadili hilo kwa muda mrefu wakaona lina maana.

Umeandika kwamba hukutimiza. Ochieng anasema uligusa jiwe lake. Ulipozama ulikuwa hatua ishirini kutoka ufuoni, na hapo hata kuku hafi. Mimi nahesabu umevuka.

Lakini nataka kukuambia nilichokiona kabla ya ule upuuzi. Nilikuwa nimesimama kukutafutia kosa. Nilisema nitamwona Enok akija, au Malakias, au kile kitabu cha Holger, maana mtu aliyefunzwa hubeba mwalimu wake begani. Sikumwona hata mmoja. Kabla ya kila pigo unainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, unangoja, kisha unavuta. Nilijiuliza anafanya nini huyu. Mpaka ulipopita katikati ya ghuba na upepo ukakupiga, nikaona umeinama tena, umengoja, umevuta. Nikamwambia Lornah, "Anausikiliza mtumbwi kama injini." Lornah akasema, "Ndivyo anavyosikiliza kila kitu, Baba."

Miaka yangu yote sijawahi kuona mtu akipiga hivyo. Si namna nzuri. Usimfundishe mtu. Lakini ni yako, na ilikuleta.

Njoo Jumamosi ijayo saa nne, na baba yako na wazee wako wa Kimilili, tuseme yanayosemwa. Lornah atakuwepo. Mama yake atakaa jikoni, na mtasalimiana kupitia ukuta kama watu wenye heshima.

Njooni kwa barabara.

Baba yako,
Zadock Ogola.